Siku Moja Katika Kliniki ya Presha, Kisumu

Saa moja asubuhi. Wagonjwa wa presha na sukari wameshajaa kwenye viti, wengine wakiwa wametoka Ahero na Kombewa kwa matatu za alfajiri. Mimi ni muuguzi. Kabla ya kumpima mtu presha humwacha atulie dakika 5, miguu ikiwa sakafuni, kwa maana kipimo cha aliyekimbilia foleni humpotosha daktari.

Saa tatu. Mama mmoja ana presha ya juu, 168/96, ilhali faili yake inasema anatumia enalapril, dawa ya presha, kila siku. "Dawa unameza, mama?" "Nameza, sista." Swali kama hilo halimwachii mgonjwa jibu jingine, basi nalibadilisha: "Wengi huruka dawa siku fulani, kwako inakuwaje?" Hapo anafungua mkoba na kutoa pakiti ambayo haijapungua, akinieleza kwamba vidonge vilimletea kikohozi kikavu, naye akaogopa majirani wangedhani ni kifua kikuu. Kando ya pakiti hiyo kuna diklofenaki, dawa ya maumivu, aliyojinunulia kwa ajili ya magoti. Hakumwambia daktari kwa sababu hakutaka kuonekana amekataa dawa yake.

Enalapril inajulikana kwa kuleta kikohozi cha namna hiyo, na diklofenaki huweza kupandisha presha. Daktari asiyeyajua hayo ataongeza dozi ya dawa isiyomezwa. Namwomba mama aanze na habari ya kikohozi mara tu anapoketi, na aziweke pakiti zote mbili mezani.

Saa tano mama anarudi na losartan, dawa nyingine ya presha, ameambiwa aache diklofenaki. Simuulizi kama ameelewa, kwa kuwa ataitikia kwa heshima tu. Namwomba anieleze kwa Dholuo atakavyoimeza. Anasema ataimeza kichwa kikimuuma. Nafurahi kwamba amelisema hilo akiwa bado mbele yangu, nami namfafanulia kwamba presha mara nyingi haiumi popote, na kwamba kidonge ni cha kila siku.

Saa saba, chai na chapati.

Saa tisa. Mzee wa sukari amekuja na mwanawe, ambaye anajibu kila swali kwa niaba yake. Kwa ruhusa ya mzee, namwomba kijana asubiri nje kidogo. Mzee anasema metformin, dawa yake ya sukari, humsokota tumbo kwa sababu huimeza kabla ya kula. Tunakubaliana aimeze pamoja na chakula, na mwanawe anaporudi, mzee mwenyewe ndiye anayemweleza.

Saa kumi na moja naandika yote hayo kwenye mafaili, likiwemo lile la kikohozi, ili atakayewahudumia mwezi ujao asimrudishie mama enalapril.