Kitone kwenye kiganja

Jumatatu na Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, nikishaliaga darasa la nne, nabeba ubao mdogo hadi kwenye mwembe ulio nyuma ya ghala la pamba. Hapo ndipo tunaposomea kisomo, yaani watu wazima kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, hapa kijijini kwetu Kwimba. Wanafunzi ni 17, wote kina mama isipokuwa mzee mmoja mfugaji. Mkubwa wao ni bibi wa miaka sitini na kitu. Huniita "mwanangu mwalimu," nami siandiki chochote ubaoni kabla sijamwamkia.

Msimu uliopita wa pamba bibi huyo alikuja amekunja ngumi. Nikadhani ameumia. Alipoukunjua mkono, kiganjani palikuwa na 41.5 kwa kalamu ya wino, tarakimu zimelala upande. Alizinakili kutoka kwenye kioo cha mizani gunia lake likipimwa. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi. Imeandikwa 41.

"Mwanangu mwalimu, hiki kitone ni uchafu wa mashine, au kina maana yake?"

Mizani ya zamani ilikuwa ya mshale. Hizi za kidijitali zina nukta, na nukta ilikuwa mbali sana kwenye mpango wangu wa masomo. Siku hiyo nilikuwa nimeandaa ba, be, bi, bo, bu. Nikafuta ubao.

Tulimwaga kilo moja ya dengu juu ya kanga, tukaigawa kwa kikombe cha kahawa mafungu kumi yaliyo sawa. Matano nikayatia mfukoni: hiyo ndiyo .5 yako, bibi. Mama mwingine alikuwa amepeleka pamba mara nne, na mwanawe wa darasa la sita alimnakilia kila kipimo: 41.2, 38.7, 29.9, 44.8. Kwenye stakabadhi zake nukta haikuwepo hata moja. Tukajumlisha pamoja, taratibu, wengine kwa vidole. Zilizopotea: kilo 2.6. Hakuna aliyepiga kelele. Yule mama alilisogeza fungu moja la dengu mbele yake, akasema, "Hii ni pamba iliyonichoma vidole."

Marehemu mama yangu alijulia kusoma kwenye kitabu cha pamba. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza 1968 huku Kanda ya Ziwa, ukisaidiwa na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ulifundisha herufi kwa mambo ya watu wenyewe: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Mwalimu Nyerere akaja kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki kama asilimia 10. Inaniuma nikisikia kisomo kikitajwa kama jambo la wazee lililopitwa na wakati. Mizani imebadilika, na kila inapobadilika kuna mtu anayerudi kuwa asiyejua kusoma. Ninachoamini ni kwamba mtu mzima akiambiwa aje asome tu, haji. Akija na jambo lake mkononi, anabaki. Wakati wa palizi nakuwa na wanafunzi watano, na siwalaumu, shamba halisubiri.

Siku ya mizani iliyofuata walikwenda na madaftari. Mmoja akawa anasoma kioo kwa sauti, wenzake wanaandika. Karani aliwatazama, akaandika nukta. Hawakuishia hapo. Kwenye mkutano wa chama cha msingi, ushirika wetu wa wakulima, bibi alisimama, yeye ambaye miaka yote alikuwa akitia dole gumba na kuondoka, akaomba kioo cha mizani kigeuzwe kiwaelekee walio kwenye foleni. Wanaume wawili watatu waliguna. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono, mikono ikanyooka hadi nje ya mlango. Kioo kiligeuzwa wiki ileile.

Sasa wameniletea karatasi ya malipo. Wanataka kujua ile alama ya viduara viwili na mstari katikati, iliyoandikwa kwenye makato. Jumatano tunaanza asilimia. Bibi ameniambia nisihangaike kutafuta vifaa: dengu analeta yeye, punje 100, ameshazihesabu.