Tawi la msonobari

Miaka hiyo nilikuwa naishi kwa kuchora Kilimanjaro: theluji juu, mgunga pembeni, tembo chini. Watalii walinunua. Kanuni niliyofundishwa ni kwamba cha mbali ukififishe na ukitie ubuluu, mtazamaji aone umbali.

Nilipokwenda London kumsalimia dada, akanipeleka Courtauld, jumba la sanaa pale Somerset House. Miguu ilikuwa inamuuma, kwa hiyo tulipita vyumba mbiombio, hadi nilipofika kwenye picha ya Mlima Sainte-Victoire wenye msonobari mkubwa, kazi ya mchoraji Mfaransa Paul Cézanne ya mwaka 1887 hivi.

"Kumbe mnachora kitu kimoja," dada akasema. "Ila huu hauna hata tembo. Angemuuzia nani?"

Sikumjibu, nilikuwa nafuatisha tawi. Shina la msonobari liko kushoto, matawi yanakatiza anga kwenda kulia, na yakifika juu ya mlima yanapinda sambamba na mgongo wake. Tawi liko karibu, mlima uko ng'ambo ya bonde zima, lakini wamefuata mkunjo mmoja. Umbali upo, daraja la reli kule bondeni ni dogo kweli, ila mlima nao umesogea mbele. Nikainama kutazama brashi ilivyopita. Mlinzi akakohoa, nikarudi nyuma.

Mwaka 1910, mhakiki wa sanaa Mwingereza Roger Fry alipowapa Cézanne na wenzake jina la posti-impreshonisti, yaani waliokuja baada ya waimpreshonisti, Cézanne mwenyewe alikuwa kaburini tangu 1906. Wachoraji Braque na Picasso walikuwa wameshaichukua njia yake na kuifikisha kwenye kubizimu, mtindo wa kuvunja vitu kuwa vipande vya maumbo bapa. Wanaosema hao wawili ndio walioubana umbali kwenye picha, mimi huwa nawaambia wakalitazame kwanza lile tawi.

Dada alishakaa akapumzika, sasa anasoma maelezo ya ukutani. Picha ilionyeshwa Aix, mji wa kwao Cézanne, mwaka 1895, wenyeji hawakuielewa. Kijana mmoja mshairi, Joachim Gasquet, akaipenda mno, na Cézanne, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa saini, akaitia saini na kumpa.

"Alimpa bure?"

"Zawadi, dada."

"Na huyu Samuel Courtauld aliyeinunua 1925?"

"Tajiri wa viwanda vya nguo."

Akanitazama kwa jicho la mtu aliyenilipia nauli. "Hayo ya matawi iga tu, mdogo wangu. Hilo la kugawa, hapana."