Nilivyopanga saa ya kununa, ziwa lilipofungwa

Hapa Kibirizi, Kigoma, kila anayenijua anajua mimi ni mtu wa kucheka, ndo maana naulizwa kila siku dada siri ni nini, nikijibu watu wanaona natania. Sasa naandika mara moja tu nisirudie, na naomba msiniletee tena zile voisi noti za asubuhi za "amka na tabasamu", maana ndo zilitaka kuniua.

Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sikatai, dagaa walishaanza kuwa wa shida, mitumbwi inarudi asubuhi na karai mbili tatu. Ila mimi nilikuwa ndo kwanza nimechukua mkopo wa kikoba, nimenunua nyavu mpya za chanja, zile meza za kuanikia dagaa ninaouza, na kumlipa fundi. Chanja zimesimama pale nzuri kabisa, hazina kitu juu, mbuzi wa jirani amelala chini yake. Na baba watoto ni mvuvi, sasa mvuvi asiye na ziwa anashinda nyumbani mchana kutwa anauliza kwa nini chumvi inawekwa huku na sio kule. Aisee.

Kukosa hela sisi tumezoea. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkali taa haifanyi kazi na wanaume hawaingii majini, kila mwezi lazima kuna siku za kukaa tu. Mbalamwezi tunasukana nywele, tunashona nyavu, mtu hasikitiki kwa sababu anajua giza litarudi wiki ijayo. Miezi mitatu mfululizo ni habari nyingine kabisa.

Hapo ndo wakaja washauri. Kuna binamu yangu anafuatilia hao motivesheni spika, akanitumia maelezo kwamba kila asubuhi niandike vitu vitatu ninavyoshukuru, furaha itakuja yenyewe. Nikaona isiwe tabu, nikachukua kaunta buku la dogo lililobaki nusu. Siku za mwanzo nikaandika afya, watoto, hewa. Hewa ikaisha utamu, nikaanza kuandika vitu vya kweli. Asubuhi moja nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Nashukuru nina laki na themanini chini ya godoro hakuna anayejua." Nikaacha daftari mezani nikaenda kuchota maji. Narudi namkuta mweka hazina wa kikoba amekaa sebuleni kwangu, miwani puani, anasoma. Hakusema kitu, hata shikamoo za watoto hakuitikia, ananiangalia tu. "Kumbe Mungu amekubariki dada." Nikasema hiyo ni ya ada. Akasema soma mwenyewe hapa, umeandika ada? Aliondoka na laki na hamsini, akaniachia thelathini na daftari langu, na mlangoni akanipongeza kwa kuwa mtu wa shukrani. Binamu nilimblok.

Kilichonisaidia nilikibuni mwenyewe siku nimechoka kujifanya nina furaha. Nilijiambia hivi, kununa ruksa, ila kuna saa yake. Saa kumi jioni nachukua kigoda, nakaa nyuma ya jiko na beseni la mihogo ya kumenya, hapo nanuna kwa moyo wote, deni, ada, chanja, mume na chumvi yake, vyote. Kama chozi lipo litoke. Mihogo ikiisha na kununa kumeisha, nainuka napika ugali. Wazo baya likija saa tatu asubuhi naliambia kabisa kwa mdomo, wewe subiri saa kumi. Na nikifika saa kumi nusu ya mambo nimeshayasahau, nakaa pale nalazimisha, najiuliza hivi asubuhi nilikuwa nalia nini? Watoto walishazoea, mtu akija kuulizia wanamwambia mama yuko kwenye kununa, rudi baadae. Mama mkwe alikuja kutoka Ujiji akanikuta naongea na mihogo, akataka niombewe. Nikamwambia mama kaa na wewe umenye. Akakaa, akaanza na ya marehemu baba mkwe, tukamenya beseni zima mpaka giza likaingia.

Ila msidhani nilishinda nimekaa. Mchana nilikuwa naenda Simbo kuchukua mawese, nauza kwa chupa soko la Mwanga, faida ndogo tu ya kula na kupunguza deni. Mawese yanamwagika kwenye kanga hayatoki, mjue kabisa, vaeni ile mbaya. Kwenda sokoni kulinisaidia kuliko faida yenyewe maana pale huwezi kununa, mteja atahamia meza ya pili.

Halafu sio kila anayeuliza hali yako umwambie. Wengi nawaambia salama, napita. Nina shoga yangu mmoja tu, huyo anajua mpaka kiasi cha chumvi kwenye kopo, na yeye hanipi ushauri, anasema "mh" tu na kunimiminia chai. Mtafute wa hivo.

Na kuna wale ambao usingizi umekata kabisa, chakula hakipiti, wanaona bora wasingekuwepo. Hapo muhogo hautoshi, nenda hospitali, na mtu akusindikize.

Ziwa lilipofunguliwa tulipigana vikumbo kugombea dagaa wabichi, deni likaisha kabla ya mwaka mpya. Saa ya kununa bado ninayo ila siku hizi nabeba na simu, mara nyingine naishia kuangalia vichekesho, baba watoto anapiga kelele kutoka ndani kwamba huko sasa si kununa, nitoke nikapike.