F ya hesabu, na bado nimeomba chuo

Nimeshatuma maombi ya chuo, na F yangu ya hesabu ya kidato cha nne. Nilitamani uchumi tangu zamani. Sifa zake zinadai hesabu, na iliniuma sana kuiacha. Lakini TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kwa kiwango cha jumla, wanaangalia masomo mawili ya kidato cha sita, jumla pointi 4. D mbili zinafika! Mimi nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nimeomba sheria.

Wadogo zangu mnaopanga dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mkidhani chuo kimewapita, someni mwongozo wa TCU kozi kwa kozi, sifa zinatofautiana. Hesabu nayo inarudiwa NECTA (Baraza la Mitihani) kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anayetaka tuusome mwongozo pamoja, jioni nipo kibandani kwa mama.