Umechuma watoto

Siku ya kwanza kuchuma pareto, maua ya dawa ya wadudu, nikiwa mtu mzima nilirudi kwa mama na kiroba kimejaa hadi mdomoni, kifua mbele. Mama alikuwa kwenye kigoda, goti lake bovu amelinyoosha juani. Akayamwaga maua yote mkekani, akaanza kuyatenga: haya huku, haya kule. Lundo la kule likazidi kukua.

"Baba, umechuma watoto," akasema.

Sisi ni watu wa Umalila, Mbeya, huku juu ambako mwezi wa saba hutoki nje asubuhi bila koti. Nilikaa Dar miaka 11 nikiuza vipuri vya pikipiki; biashara ilipokufa nikarudi. Pareto nimeikuta tangu utotoni, nikajiona naijua. Ua jeupe, katikati njano, chuma, kausha, uza. Kumbe!

Kumbe ile njano yenyewe si kitu kimoja. Mama alinisogezea ua hadi puani: ni vijiua vingi mno vimesongamana kwenye duara, kama kichwa cha alizeti, na kweli ni ukoo mmoja. Vinafunguka kuanzia pembeni kuja katikati, mzunguko baada ya mzunguko. Petali nyeupe zikiwa bado zimesimama na njano imefumba, huyo ni mtoto. Petali zikilala bapa na njano ikifunguka kama robo tatu, hapo chuma. Sumu (ndivyo tunavyoiita sisi wakulima, ile inayoua wadudu) iko zaidi kwenye vimbegu vichanga vilivyojificha chini ya vijiua hivyo. Ule weupe uliokuwa umenivutia mimi hauna kitu. Na bei inafuata kiwango cha sumu, kwa hiyo shamba lilelile unalirudia kila baada ya wiki mbili hivi, mstari kwa mstari, mgongo umepinda.

Mikono iliniwasha wiki nzima. Mama wala.

Kosa la pili liliniuma mfukoni. Jioni moja mvua ilitukuta shambani, nikayaacha maua mabichi kwenye kiroba, nimeyashindilia, nikasema kesho nitayaanika. Asubuhi nilipotia mkono ndani palikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe. Maua yamegeuka kahawia, yananuka uvundo. Niliyakausha hivyohivyo kwa ubishi, nikayachanganya na mazuri, na mnunuzi akayashusha daraja yote. Ukikumbuka kwamba kilo nne au tano za mabichi ndizo zinazokupa kilo moja kavu, utaelewa kwa nini siku ile sikula.

Sasa nayatandaza siku ileile kwenye chanja, tabaka jembamba, nayageuza. Yakikauka hayakai juani hata saa moja ya ziada, maana mwanga nao unaila sumu. Yanaingia ndani, gizani. Mama hana kipimo cha unyevu. Anachukua ua, analisugua kiganjani. Likisagika kama tumbaku, tayari. Likijikunja, rudisha. Sijawahi kumwona akikosea, na nimemvizia sana.

Kinachonifurahisha zaidi ni kupanda. Hatuhangaiki na mbegu. Shina la zamani linang'olewa, linapasuliwa kwa mkono, na kila kipande chenye mizizi ni mche. Mvua zikikolea tunavipanda kwenye matuta, futi mbili kati ya tuta na tuta, futi moja kati ya mche na mche, maana maji yakituama mizizi inaoza. Ukipalilia vizuri unachuma miaka mitatu au minne kabla shamba halijachoka.

Mdogo wangu alipokuja msibani alibeba vipande vitatu kwenda navyo Mbagala, kule Dar kwenye joto. Nia yake afukuze mbu bure. Kwanza, mmea ukiwa umekaa tu haufukuzi mbu. Mpaka maua yakaushwe, yasagwe au sumu ikamuliwe. Pili, pareto bila baridi haiweki tumba. Inataka wiki kadhaa za ubaridi hasa ndipo ikumbuke kuchanua. Nilimwambia, akanijibu nina wivu.

Huu mwaka wa pili. Juzi kanitumia picha: majani yamejaa ndoo, ya kijani, yananawiri, hakuna hata tumba moja. Ameuliza kama barafu ikiwekwa shinani asubuhi na jioni itasaidia. Nimempa simu mama amjibu mwenyewe.