Msumeno na randa za mkono, nilivyopata vyangu hapa Dodoma

Kama uko Dodoma na unataka useremala wa mkono, ile misumeno mipya yenye weusi weusi kwenye ncha za meno achana nayo, au nunua ukijua ni ya kutumia na kutupa. Ule weusi maana yake meno yameunguzwa kiwandani yakawa magumu kupita kiasi, ukipitisha tupa inateleza tu, kwahiyo makali yakiisha umebaki na bati lenye mpini. Kwa mbao ya paini utaenda nao muda, ila kitanda au mlango wa maana huku watu wanataka mninga, na mninga haunaga huruma.

Mi nikaamua kutafuta za zamani. Nikazunguka kwa wauza vyuma chakavu na mafundi wazee kule Majengo, mmoja alikuwa na misumeno imelala chini ya benchi hata hajui kama bado anaitaka, nikamwamkia nikaomba niione. Akaniambia "mwanangu, usiangalie kutu, lenga kama unalenga bunduki." Yaani unaushika kwa mpini unafumba jicho moja, unatazama bati limenyooka au limepinda. Kutu ya juu juu inatoka kwa msasa na mafuta, ila iliyochimba vishimo karibu na meno usichukue, ukinoa yanakatika.

Nikachukua miwili. Wa kupasulia una meno matano kwa inchi, kila jino limekaa kama kipatasi kidogo, huo unafuata nyuzi za mbao. Wa kukatia una kumi, ncha zake zimechongwa upande kwa upande ili zikate nyuzi kwanza. Watu wengi wanapasulia mbao ndefu kwa msumeno wa kukatia alafu wanalalamika kazi ya mkono ngumu, aisee hapo hata mimi ningelia.

Kunoa ni tupa ya pembetatu tu, msumeno unaubana katikati ya vipande viwili vya mbao, meno yakae juu kidogo yasitetemeke. Wa kupasulia tupa inaenda moja kwa moja, wa kukatia unailaza pembeni, unaruka jino moja moja, ukimaliza unageuza upande. Alafu kuna kupinda meno, moja kulia moja kushoto ili bati lisibanwe. Pinda nusu ya juu ya jino tu, sio kwenye shina. Na hapa kwetu kiangazi mbao inakauka kwelikweli, haihitaji kupinda kwingi, mbao mbichi ndio inabana. Ukipinda sana unapoteza mbao na nguvu bure.

Randa sasa, hapa ndio hela yangu iliendea. Nilichukua ya chuma ya zamani, namba 5, urefu kama inchi 14, kwasababu ukiwa na moja tu hiyo inakwangua kwanza na inanyoosha baadaye, sio bingwa wa lolote ila inafanya vyote. Tumbo lake nililisugua kwenye msasa niliobandika juu ya kioo mpaka likakaa sawa. Kisu nasaga kwa pembe ya nyuzi 25 alafu ncha namalizia 30 kwenye jiwe, na mgongo wa kisu lazima uwe bapa kabisa, wengi wanasahau mgongo wakati makali ni pande mbili zikutane.

Mninga nyuzi zake mara nyingi zinapishana, ukienda huku laini, ukisogea kidogo inachana. Dawa yake kile kibati cha juu ya kisu ukisogeze karibu kabisa na makali, chini ya milimita moja, kisu kitokeze tumboni kidogo sana, na randa uisukume imekaa mshazari. Tumboni paka mshumaa, utashangaa inavyoteleza.

Na mbao ya paini kutoka shamba la miti la Sao Hill ikishuka ikiwa mbichi usiikimbilie, ipange kivulini uiwekee vijiti katikati, vichwa vipake rangi, upepo wa Dodoma unapasua vichwa hivihivi unaangalia.

Kuchana gogo zima? Hiyo napeleka mashineni, sina ugomvi na mtu.