Megabaiti nne zilizokosekana katika Ghuba ya Mwanza

Mwaka 2016 nilikuwa nikifanya kazi katika karakana ndogo ya vifaa vya elektroniki huko Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Kazi iliyonifundisha kuliko nyingine zote mwaka ule ililetwa na watu waliokuwa wakipima kina cha maji katika Ghuba ya Mwanza. Boti yao ilikuwa na kifaa kinachotuma mlio majini na kuupokea mwangwi wake kutoka chini, na mwangwi huo uliingia katika kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, kumbukumbu ya megabaiti 512 na mfumo endeshi wa Linux. Asubuhi kifaa kilirekodi vizuri. Lakini waliposimamisha rekodi ili kuhamia mstari mwingine wa upimaji, hasa mchana baada ya mashine kufanya kazi kwa muda mrefu, kilikataa kuanza tena mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya, na wakati huo wote mafuta ya boti yalikuwa yakiteketea bure.

Kiongozi wetu alikuwa mzee aliyewahi kufundisha fizikia, na kwa hiyo sote tulimwita Mwalimu. Alinikabidhi kompyuta ile pamoja na msimbo wa draiva, yaani programu inayokiongoza kifaa, uliotoka kwa waliokiuza, akaniambia, “Kijana, usiguse kitu chochote mpaka uniambie kerneli yenyewe inasema nini.” Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, na ndiyo inayogawa kumbukumbu kwa vipande vidogo viitwavyo kurasa. Nilifungua kumbukumbu za matukio nikakuta ujumbe ulioeleza kwamba utengaji wa kurasa umeshindikana katika daraja la 10, daraja likiwa ni ukubwa wa fungu la kurasa lililoombwa. Hata hivyo, mashine hiyo hiyo ilionyesha kwamba zaidi ya megabaiti 200 zilikuwa wazi, ilhali draiva iliomba megabaiti 4 tu.

Ili kuelewa ombi hilo, ni lazima kuelewa kwanza kifaa kilikuwa kikifanya nini. Kilichukua sampuli 250,000 kwa sekunde, kila moja ya baiti 2, na kama prosesa ingekatizwa kazi kwa kila sampuli, isingepata nafasi ya kufanya jambo lingine lolote. Ndiyo maana kifaa kilipewa uwezo wa kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu bila kuipitishia prosesa kila baiti: draiva hukitajia anwani ya kuanzia na urefu, kifaa hujaza eneo hilo, kisha huijulisha prosesa kwamba data ipo tayari. Megabaiti 4 zilitosha mwangwi wa takriban sekunde 8, na ukubwa huo ulikuwa na sababu njema, kwa kuwa kadi ya kuhifadhia data husita mara kwa mara wakati wa kuandika, na mwangwi unaowasili wakati huo ni lazima upate pa kukaa.

Shida ilikuwa katika neno moja la masharti ya kifaa: eneo hilo lilipaswa kuwa mfululizo. Programu za kawaida hazisumbuliwi na sharti hilo, kwa sababu kerneli huwapangia kurasa za kilobaiti 4 zilizotawanyika kokote, kisha jedwali la anwani likazifanya zionekane zimefuatana. Kifaa chetu hakikuliona jedwali hilo. Mashine haikuwa na kitengo cha kutafsiri anwani kwa niaba ya vifaa, na injini ya uhamishaji, yaani sehemu ya kifaa inayoandika kwenye kumbukumbu, haikuweza kupokea orodha ya vipande vingi, hivyo ilihitaji kurasa 1,024 zinazofuatana kweli katika kumbukumbu halisi. Daraja la 10 maana yake ni hiyo: ukurasa mmoja kuzidishwa kwa mbili mara kumi hadi kufikia 1,024, na katika kerneli ile hilo ndilo lililokuwa fungu kubwa kuliko yote ambayo mtengaji wa kawaida angeweza kutoa.

Nilipofungua faili la /proc/buddyinfo, linaloonyesha idadi ya mafungu yaliyo wazi katika kila daraja, safu za mwanzo zilikuwa na mamia na safu ya mwisho ilikuwa sifuri. Mwalimu aliitazama akasema, “Nenda Mwaloni saa nne asubuhi na wavu mrefu wa kuanikia dagaa. Mchanga mtupu utauona mwingi, lakini kati ya nyavu za watu, na wako hautaenea popote.” Draiva ilikuwa ikiomba eneo kila rekodi ilipoanza na kulirudisha kila iliposimama. Katikati ya hapo kerneli iliwagawia wengine kurasa humo, na fungu likishavunjwa halirudi kuwa zima mpaka sehemu zake zote ziwe wazi kwa pamoja.

Tulijadiliana kuhusu tiba kwa muda mrefu. Mimi nilipendelea njia iliyoingia katika Linux 3.5 mwaka 2012 kwa kazi ya Marek Szyprowski na Michał Nazarewicz, ambayo hutenga eneo kubwa mashine inapowaka, huruhusu kurasa zinazohamishika zilitumie kwa muda, kisha huzihamisha kifaa kinapolihitaji. Niliiona kuwa njia ya haki, kwa sababu kumbukumbu hailali bure. Mwalimu alikubali kwamba ni kazi nzuri, ila alieleza kwamba kuhamisha kurasa huchukua muda, na ukurasa mmoja ulioshikiliwa na kazi nyingine unaweza kuuzuia uhamisho. Aliuliza kwa nini tuingie katika mashaka hayo kwa ajili ya megabaiti 4 ambazo hazifiki hata asilimia 1 ya 512. Alikuwa na haki. Kifaa ambacho ndicho sababu ya mashine kuwepo hakipaswi kupanga foleni ya kumbukumbu kila mara.

Kwa hiyo tuliibadilisha draiva iombe eneo lake mara moja tu, inapokitambua kifaa, na ilishikilie muda wote. Kabla hatujaijaribu, Mwalimu alidai tuhakiki pia miito ya kusawazisha kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa, kwa kuwa katika prosesa ile kifaa kingeweza kuandika data mpya kwenye kumbukumbu huku prosesa ikiendelea kusoma nakala ya zamani iliyomo katika kache yake. Tulipitia kila mahali ambapo eneo linabadilisha mmiliki, kutoka kwa kifaa kwenda kwa prosesa na kurudi, na tukakuta miito yote ipo mahali pake. Waliouza kifaa walikuwa makini katika jambo hilo, na ninalisema kwa heshima, kwa sababu ndiko draiva nyingi huharibika.

Katika boti mabadiliko yale yalifanya kazi: safu ya mwisho ya buddyinfo ilibaki sifuri tangu mchana, na kila rekodi mpya ilianza bila kinyongo. Lilibaki jambo moja. Draiva ilikuwa moduli, yaani kipande cha kerneli kinachoweza kuongezwa au kuondolewa mashine ikiwa inafanya kazi, na ilipakiwa baada ya programu nyingine nyingi, na kama fundi angeiondoa na kuirudisha mchana, ombi lingekataliwa kama zamani. Mwalimu hakutaka usalama wa upimaji utegemee kumkumbusha mtu asiiguse, hivyo tuliijenga ndani ya kerneli yenyewe, ikawa inachukua megabaiti zake nne kabla programu yoyote ya mtumiaji haijaanza.